Ile Wanayoita Kaburi ya Muzungu

Ijumaa, mwezi wa kumi. Joto tangu asubuhi. Mawingu yamejaa upande wa ziwa, lakini mvua bado inafikiria.

Hali yangu: hakuna. Mtu akiniuliza nimeamkaje namjibu nimeamka, basi. Nimekuwa hivi muda mrefu mpaka sijui tena kama ni huzuni au ni tabia tu. Juzi mwiba wa samaki ulinichoma kidole gumba, na niliona damu kabla ya kusikia chochote. Niliifuta kwenye kitenge nikaendelea kupima samaki. Leo naandika kwa sababu jioni kuna jambo limetokea nyumbani, na nikilala bila kuliandika, kesho nitaanza kulitilia shaka.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: naishi kambi ya wakimbizi ya Mantapala na Mama yangu. Tulivuka kutoka Kongo miaka saba iliyopita. Kule nilikuwa mwalimu wa darasa la nne. Hapa nanunua chisense, wale samaki wadogo wanaokaushwa juani, pale Kashikishi, kando ya ziwa, ambapo watu wa kisiwa cha Chisenga hushusha mizigo yao, halafu nawauza huku kambini kwa kikombe. Wanafunzi wangu wakiniona watacheka. Ni haki yao, niliwachapa kwa sababu ya hesabu wakati ule na sasa nagombania kikombe kilichojaa na kisichojaa.

Mama analima. Kila mwaka kabla ya mvua anainua matuta ya muhogo katika kipande tulichopewa, na matuta manne ya mwisho, yale ya upande wa njia, hayapandi. Anayalima vizuri kuliko mengine, anayapalilia mwaka mzima majani yasiote, na anayaacha matupu. Ni ya Yaya Kalenga, kaka yangu mkubwa. Mama anasema akifika atapanda mwenyewe. Kuna jirani alimwambia kwa upole kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Mama hakuinua hata kichwa. "Lake iko. Angalia, njo ile," akasema, akaendelea kulima.

Yaya Kalenga hatafika. Mimi najua. Mama hajui, na hajui kwa sababu yangu.

Nimeandika. Ngoja niandike na yaliyobaki.

Siku ile tulipokimbia, mashua mbili zilikuwa zinangoja ufukweni kwetu, moja mbele, moja nyuma. Tulikuwa tumefika majini wote watatu nilipokumbuka diplome yangu ya ualimu. Nilikuwa nimeiacha nyumbani, katika sanduku la nguo. Nililia kwa sababu ya karatasi. Yaya akanitazama, akacheka kidogo kama alivyozoea kunicheka, akasema nachukua nakuja. Alikwenda mbio. Kisha risasi zikasikika upande wa nyumba, na mwenye mashua akaanza kusukuma. Mashua ya mbele ilikuwa imeondoka tayari. Mama alikataa kupanda. Alikaa chini kwenye mchanga, akasema hapandi bila mtoto wake.

Nikamwambia nimemwona Yaya. Amepanda ile ya mbele.

Mama akapanda.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka saba na bado naitembea. Mwaka wa pili tukiwa hapa, mtu wa kijiji chetu alikuja Kashikishi na samaki. Akanivuta pembeni akaniambia alimwona Yaya kwa macho yake, ameanguka mlangoni petu, na kwamba yeye na wenzake walimfukia haraka nyuma ya nyumba. Nyumba yenyewe baadaye iliungua. Nilimshukuru. Nilinunua samaki wake, nikafunga gunia, nikarudi nyumbani, nikapika. Siku hiyo ndipo nilipoacha kusikia vitu mwilini, hata maumivu.

Sasa habari ya jiwe.

Ufukweni Kashikishi, nyuma ya mahali wanapoanika samaki, kuna nguzo ya jiwe inayonifikia kifuani. Sisi Wakongomani tunaiita Kaburi ya Muzungu. Hakuna anayejua muzungu gani. Tumeikuta, tukaona jiwe limechongwa vizuri, tukasema lazima kuna muzungu chini. Mashua za ng'ambo zinafungiwa kamba hapo. Wanawake wa samaki wananoa visu kwenye bega lake, mpaka bega moja limeliwa likawa chini ya lingine. Upande wa ziwa kuna mstari mmoja wa maneno ya Kiingereza yaliyokwisha kufutika. Chini ya maneno kuna mistari mingine imechorwa, imenyooka kama ya daftari la shule, na juu yake hakuna kitu. Nimefunga magunia yangu pembeni ya jiwe hilo kwa miaka bila kujiuliza.

Mwezi uliopita nilimpeleka Mama kliniki ya Kashikishi kwa ajili ya macho. Tukingoja usafiri wa kurudi, akakaa kwenye ngazi iliyo chini ya lile jiwe. Bana Chanda alikuwa pale ananoa kisu. Ni mwanamke Mbemba, anauza samaki jirani yangu, mdomo haufungi, na Kiswahili chake amejifunzia kwa kubishana bei na sisi. Alimcheka Mama aliposema amekaa juu ya kaburi la muzungu.

"Hapana muzungu, mayo," akamwambia. "Ni ya batu ba hapa hapa. Banaenda ku vita, banabeba mizigo ya bazungu. Habakurudia."

Tulipofika nyumbani Mama aliketi mlangoni. Alivua viatu, akanyoosha miguu, akaniagiza kama anavyoniagiza chumvi.

"Uende ubaulize. Ba mama ya bale batu, balilia namna gani, na mwili haiko? Balimaliza namna gani?"

Nilisema nitauliza. Nilitegemea atasahau. Kwetu kilio kinalaliwa, watu wanakuja na mikeka, na kina siku ya kukimaliza. Lakini unaanza na mtu aliyekufa. Mama alikuwa hajasema kuna mtu aliyekufa. Alikuwa ameuliza habari za jiwe tu, na mimi nilielewa, na sikutaka kuelewa.

Hakusahau. Kila nikitoka sokoni ananiuliza, "Umebauliza?"

Basi nikaanza ofisi ya serikali, kama mtu aliyesoma. Karani alikuwa mpole. Alifungua makabati mawili mbele yangu, akakuta karatasi za visima na mipaka ya viwanja, na hakuna jiwe. Aliniambia anachojua ni kile alichosimuliwa shuleni. Waingereza na Wajerumani walipigana zaidi ya miaka mia iliyopita. Huku hakukuwa na barabara, kwa hiyo risasi na unga vilikwenda kwa vichwa vya watu, na watu hao waliitwa tengatenga. Wengi waliishia njiani kwa homa na njaa. Nikaandika. Nilipomuuliza majina akanyoosha mikono mitupu.

Bana Chanda ndiye aliyenipeleka kwa mjomba wake. Anaitwa Ba Mwelwa, anatengeneza injini za boti chini ya hema la turubai, karibu na maji. Ana miaka sitini na kitu, miwani imefungwa kwa waya, na mafuta mpaka viwiko. Nilimuuliza kama anamjua mtu yeyote ambaye babu yake alikwenda katika vita ile.

"Miye njo nilienda," akasema.

Nilidhani hajanielewa. Nikarudia, vita ya zamani, ya Wazungu kwa Wazungu.

"Ee. Nilibeba kisanduku ya masasi ku kichwa. Tulienda upande jua inatokea. Miguu ilivimba. Homa ilinikamata, banikaniacha pa mutoni. Sikurudia."

Mimi ni mwalimu. Kujumlisha na kutoa naweza. Nikamuuliza, kama hukurudi, huyu anayeshika spana mbele yangu ni nani? Alinitazama kama unavyomtazama mgeni anayeingia na viatu kwenye mkeka. "Sikurudia," akasema tena, akainamia injini yake.

Nikafunga daftari. Nilikuwa nimeandika: huyu ananidanganya, au umri umemchosha. Nilitembea mpaka kwenye jiwe nikalipiga teke gunia langu. Zilikuwa hasira. Mtu anafanya mzaha na neno "sikurudia" mbele yangu, mimi! Hasira yenyewe ilinishangaza. Nilikuwa nimesahau inavyokaa mwilini.

Bana Chanda alipoona nilichoandika alicheka mpaka kisu kikamdondoka. Akawaita wenzake wawili waje wamwone mwalimu wa Kongo. Walipomaliza kunicheka, alinikalisha chini akanieleza.

Hapa wana mambo wanayoyaita ukupyana. Mtu akifa, ndugu wanakaa na kumchagua mmoja wa damu yake. Wanamweka kwenye mkeka, wanampa kikombe cha maji. Akishakunywa, amekamata jina la yule na nafasi yake. Mama wa marehemu anamwita mwanangu. Watoto wa marehemu wanamwita baba, hata kama ni mdogo kwao. Na akisimulia mambo ya yule aliyekufa hasemi "yeye". Anasema "mimi". Naye akifa, mwingine anakunywa. Ba Mwelwa wa injini ni wa nne.

Kwetu pia mtoto hupewa jina la marehemu. Lakini hatumwambii kwamba ndiye aliyekufa, na hatumuulizi habari za safari. Mimi nilikuwa nimemhoji mzee wa watu kama polisi, nikamwambia mbele ya mafundi wenzake kwamba hayupo.

Leo asubuhi nimerudi kwake na sabuni na sukari. Nimepiga magoti, nimepiga makofi kama nilivyoona wanawake wa hapa wakifanya. "Mwapoleni mukwai," nikamsalimu, na Kibemba changu chote kikaishia hapo. Alicheka. Akaniambia niinuke nisichafue kitenge kwa mafuta.

Nilimuuliza kwa nini jiwe lina mistari na halina majina. Nilikuwa nimejiandaa kuandika kwamba serikali ya wakati ule ilisahau, au haikujali. Hata sentensi nilikuwa nimeshaitunga njiani.

Alisema muzungu wa boma, yule wa serikali, alikuja mwenyewe, na fundi, na daftari. Jiwe lilikuwa limesimama, mistari imepigwa. Aliwaita akina mama wa ufuko mzima, akawaomba kila mmoja ataje jina la mtoto wake aliyekufa, liandikwe lisipotee. Mama wa Mwelwa alikuwa wa kwanza kwenye mstari.

"Mama yangu alikatala," Ba Mwelwa akasema. "Alimuambia, Mwelwa eko ku nyumba, anakula ubwali. Unataka kumufunga mu jiwe juu ya nini?"

Na aliyefuata akakataa. Na aliyefuata. Majina yote yalikuwa na watu. Yalikuwa yanavua samaki, yanaoa, mengine yalikuwa bado yananyonya. Ukiandika jina kwenye jiwe unaliacha kwenye jiwe, na nyumbani nani ataitika? Muzungu alifunga daftari lake akaondoka. Ba Mwelwa aliniambia hayo akiwa anapuliza mchanga kwenye plagi, bila kujivuna, kama mtu anayesimulia kwa nini hakununua shati fulani.

Kwa hiyo hakuna aliyesahau. Sisi ndio tulikuja, tukakuta nafasi tupu, tukamjaza muzungu.

Nikauliza swali la Mama. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida tu. Mwili ulikuwa haupo, walilia namna gani, na walimaliza namna gani?

"Tulilia," akasema. "Batu balilala inje. Mwenzangu mumoja tulikuwa naye kule, yeye alirudia, alieleza yote. Kisha banikanipa maji. Nikakunywa. Mama akaniuliza, Mwelwa, ulibakia wapi? Nikamuambia, pa mutoni, na homa. Basi. Njo pale alinyamaza. Ile habari alikuwa nayo tayari. Alitaka kuisikia kwa miye."

Nikamshukuru. Njia nzima ya kurudi, nimekaa juu ya gunia langu nyuma ya gari, sikufikiri kitu. Niliangalia vumbi. Nilijua nikifika Mama ataniuliza, na nilijua safari hii nina jibu, na mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa kwenye mapaja kama mikono ya mtu mwingine.

Nimemkuta shambani, kwenye matuta manne. Jua lilikuwa limeanza kushuka. Alikuwa anasawazisha udongo kwa mgongo wa jembe. Nimemsimulia yote nikiwa nimesimama, Ba Mwelwa, mkeka, kikombe, akina mama waliokataa. Hakunikatiza. Aliendelea kusawazisha palepale, mpaka udongo ukawa laini.

Nilipofika mwisho, akauliza:

"Na mutu mwanamuke, anaweza kukunywa ile maji?"

Sikuwa nimeuliza hilo. Nikamwambia sijui, Mama.

Ameweka jembe chini, ameingia ndani. Nilimsikia akisogeza vyombo. Mama yangu anaimba kwaya ya kanisa, na mambo ya mila huwa anayapita kwa mbali. Ametoka na mkeka chini ya kwapa na kile kikombe chetu cha kijani. Ametandika mkeka hapo hapo kwenye njia, kati ya nyumba na matuta, akaniambia nikae.

"Pasteur tutamuambia kisha," amesema. "Kunywa."

Nimekunywa. Maji yalikuwa ya vuguvugu, yana ladha ya kidumu. Mama amechuchumaa mbele yangu, ameshika magoti yake, ananitazama kwa yale macho yanayouma. Muda mrefu hivi. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu tangu tuvuke.

"Kalenga," amesema. "Ulibakia wapi?"

Miaka saba nimeitafuta namna ya kusema. Nimeandika barua nikazichana. Nimefungua mdomo mara nyingi mbele ya moto wake nikaomba chumvi. Leo maneno yametoka kama yalikuwa yananingoja nibadilishe jina tu.

"Sikupanda ile mashua, Mama," nimesema. "Nilirudia ku nyumba kukamata diplome ya mudogo yangu. Banikanipiga masasi pa mulango. Batu ba kwetu njo balinizika, nyuma ya nyumba."

Mama akauliza:

"Na mudogo yako? Yeye alisema alikuona mu mashua."

"Alidanganya, Mama. Aliogopa utabakia pale na weye."

Kuku wa jirani alipita kati yetu na hakuna aliyemfukuza. Halafu Mama amenishika uso kwa mikono yote miwili, ina udongo, na amesema polepole:

"Umuambie, miye nilipanda sababu nilitaka kumuamini. Hakunibeba."

Kisha ameanza kulia. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia kwetu, jina la mwanawe mbele na maneno nyuma, na majirani walifika mmoja mmoja bila kuitwa. Yule jirani wa asiyekuwepo na lake halipo alifika wa kwanza, na mkeka wake. Sasa wako nje, wamewasha moto, wanaimba. Naandika hapa ndani kwa simu, na naona miguu yao kupitia chini ya pazia.

Mimi sijalia. Nasema ukweli, nilidhani ningelia. Lakini kidole gumba changu, kile kilichochomwa na mwiba, kinauma. Kinauma sana. Nimekiangalia kwenye mwanga wa simu: kimevimba, na mwiba bado uko ndani.

Sijui kama nimefanya sawasawa. Mimi si Mbemba, na Ba Mwelwa hakunipa ruhusa. Siku nitakayorudi ufukweni nitampigia magoti tena, nimwambie, anicheke kama anataka. Magunia yangu nitayaweka palepale kwenye jiwe. Wakongomani wenzangu wakiliita kaburi la muzungu nitawasahihisha, nimezoea kusahihisha.

Mama amechungulia sasa hivi. Sauti imemkauka. Amesema vijiti vya muhogo viko nyuma ya nyumba, amevikata tangu jana, na ardhi iko tayari.

"Kalenga, kesho asubuhi upande matuta yako."

Nimeitika.